Mzigo ukae wapi? Kutoka wapagazi wa Ujiji hadi tela la pikapu

Kila mavuno yakikaribia wenye pikapu huniuliza: "Bwana shamba, tela langu libebe tani ngapi?" Swali ni zuri, ila limebaki nusu. Uliza pia mzigo huo ukae wapi. Njia ya kuja Ujiji imewafundisha watu jambo hilo kwa zaidi ya miaka 150, na wengine iliwafundisha kwa hasara.

Anza na wapagazi. Enzi za misafara ya pembe na nguo mzigo ulipimwa kwa frasila, yaani karibu kilo 16, na mtu mmoja alibeba kama frasila mbili toka pwani hadi ziwani. Wa kubeba kwa mzegazega alifunga mzigo huku na huku kwenye mti. Upande mmoja ukizidi, hakutupa kitu njiani. Alisogeza bega kuelekea upande mzito, mti ukatulia. Kanuni ya tela ndiyo hiyo hiyo.

Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitaka kuachana na wapagazi. Mwenzao Roger Price alikuwa amejaribu njia mwaka uliotangulia kwa ng'ombe wanne, akafika nao Mpwapwa. Basi wakaondoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Safari hii mbung'o wakawaua ng'ombe kwa wingi, magari yakashindwa, mizigo ikarudi vichwani mwa watu. J. B. Thomson na Edward Hore walifika Ujiji Agosti 1878, na mwezi uliofuata Thomson akafariki. (Wanaoniuliza habari za maksai wakumbuke kwamba mbung'o hajahama nchi hii.)

Hore alikuwa baharia na alijifunza. Mwaka 1882 alirudi toka pwani na mashua ya chuma, Morning Star, ikiwa vipande vipande juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu. Mikokoteni ile ilifuata njia ya miguu ya wapagazi, si barabara. Mwaka 1883 ilifika Ujiji, ikaunganishwa na kuingia majini.

Kazi nzito kuliko zote ilifanyika ng'ambo ya pili ya ziwa, vitani. Wajerumani walikuwa na reli hadi Kigoma tangu 1914, na meli ya Goetzen, hii tunayoiita Liemba, ililetwa ikiwa ndani ya makasha ikaundwa hapa hapa. Waingereza hawakuwa na reli ya kufika ziwani. Mwaka 1915 walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Fungurume, Kongo, zilivutwa juu ya matela na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba. Njiani walijenga madaraja zaidi ya 100, na injini zilipoelemewa maksai na kamba vilisaidia. Siku moja baada ya Krismasi boti zile ziliteka meli ya Kijerumani Kingani. Walisafirisha mzigo huo kwa mwendo wa kobe, na sababu yake utaielewa ukiwahi kushuka mlima na tela nyuma yako.

Sasa turudi kwenye pikapu yako. Tuseme shingo ya tela inakandamiza kiungo kwa kilo 100, kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli hiyo hadi ya mbele ni mita 3. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 100 tu, inabeba 140, kwa sababu ya mbele imenyanyuliwa kilo 40. Ni pembea. Ukizidisha, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki vizuri, na hapo uko kwenye mteremko wa kuingia Kigoma mjini. Ukikimbilia kurundika mapipa ya mawese mkiani mwa tela, umeharibu zaidi: shingo inanyanyuka, tela linaanza kucheza kulia na kushoto na kuvuta gari. Pipa la lita 200 likijaa mawese lina karibu kilo 180. Mapipa mawili tu yaliyokaa vibaya yanatosha. Lililojaa nusu nalo linachezesha mafuta yake kila kona.

Kuna kiungo maalumu, kinachotumika sana Marekani, chenye vyuma viwili vya springi vinavyotoka kwenye gari na kukazwa kwa minyororo kwenye fremu ya tela. Vikikazwa, sehemu ya uzito inarudi kwenye magurudumu ya mbele ya gari na nyingine inakwenda kwenye ekseli ya tela. Ni lile bega la mpagazi. Lakini hakiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, na hakirekebishi mzigo uliopangwa vibaya. Fundi akikuambia atakuchomea cha kwake kwa nondo, mshukuru uondoke: nondo si springi, na fremu nyingi za matela yetu hazikutengenezwa kupindwa namna hiyo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Weka shingo ya tela lililopakiwa juu ya mizani ya magunia, kwenye sakafu iliyo sawa, na magurudumu yote yazuiwe kwa mawe. Kwa kila kilo 100 za tela pamoja na mzigo, shingo ionyeshe kati ya 10 na 15, na isizidi kiwango cha kiungo chako. Ikizidi, sogeza magunia nyuma kidogo. Ikipungua, yasogeze mbele. Uzito wa shingo uhesabu kama mzigo wa pikapu pia. Kisha pima kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la mbele, kabla ya kufunga tela na baada ya kulifunga. Mbele ikiwa imenyanyuka sana, pakua magunia kadhaa uyarudie kesho.