Tarehe na Dhamira: Historia Fupi ya Kupanga Maandishi, kwa Mfano wa Blogu Moja ya Babati

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza kazi inasema nini, na inakisemaje kile inachokisema. Ni mara chache tunauliza kazi hiyo imewekwa wapi, baada ya nini na kabla ya nini. Makala haya yanajaribu kuonyesha kuwa mpangilio wa maandishi ni sehemu ya fani, na kwamba anayeyapanga upya maandishi ya mtu anafanya uhakiki, atake asitake. Mfano wangu mkuu si diwani wala riwaya. Ni blogu ya mwalimu mmoja mstaafu wa hapa mjini Babati, ambayo niliombwa kuipanga upya wakati wa likizo.

Mwalimu huyu alinifundisha Kiswahili nikiwa mtoto. Tangu mwaka 2010 hadi 2018 aliandika katika blogu yake maandiko zaidi ya mia mbili: hadithi za Wagorowa na Wairaqw alizozisikia kwa wazee, maelezo ya methali, habari za Ziwa Babati na viboko wake, bei za mazao, kumbukumbu za shule. Nilipokwenda kumwamkia alinionyesha blogu hiyo kwenye simu ya mjukuu wake. Juu kabisa, mahali pa heshima, palikuwa na sentensi moja ya mwaka 2018: kwamba anasafiri, wasomaji wamvumilie wiki moja. Hakuandika tena baada ya hapo, maana macho yalianza kumsumbua.

"Sasa ona, mwanangu," akasema. "Mtu akija kwangu leo anaambiwa nimesafiri. Ndani nyumba imejaa, lakini mlangoni kuna kufuli."

Hebu tutazame kufuli hilo lilitoka wapi.

Tarehe ilivyotawala

Neno la Kiingereza lililozaa neno letu "blogu" lilianza kutumiwa na Jorn Barger wa Marekani mwishoni mwa mwaka 1997, kwa maana ya daftari la mtu anayeandika kila siku yale anayoyakuta kwenye mtandao. Mwaka 1999 kampuni ndogo iitwayo Pyra Labs ikatoa Blogger, programu iliyomwezesha mtu asiyejua ufundi wa kompyuta kuandika na kuchapisha papo hapo. Google waliinunua mwaka 2003. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: andiko jipya hukaa juu, la jana husukumwa chini, la mwezi uliopita hufichwa ndani ya jina la mwezi.

Utaratibu huo ndio tulioupokea sisi. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe, ambayo huhesabiwa miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Mwezi Septemba 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanzisha ya kwake akiwa Helsinki, na baada ya muda mfupi jina Michuzi likawa karibu sawa na neno blogu kwa Watanzania wengi. Kwa Michuzi, tarehe ilikuwa mpangilio unaofaa kabisa. Msomaji alifungua kuona nani kaapishwa leo, nani kaoa, nani kafariki. Habari huchacha, hivyo iliyo mbichi haina budi kukaa juu.

Lakini si kila mwandishi alikuwa mtoa habari. Wapo walioandika hadithi, mashairi na uhakiki, vitu visivyochacha. Hao walivaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine. Tukumbuke kuwa hadi mwaka 2006 Blogger haikuwa na lebo, yaani vile vijina vya mada ambavyo mwandishi hubandika kwenye andiko ili yanayofanana yakutane. Kabla ya hapo, mwandishi aliyetaka kukusanya methali zake pahali pamoja ilimbidi aunge viungo kimoja kimoja kwa mkono. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na makundi ya mada tangu mwanzo, ikaongeza lebo mwaka 2007, na mwaka 2010 ikampa mwenye blogu uwezo wa kujitengenezea menyu yake. Kwa hiyo tunapolalamika kuwa blogu za zamani za Kiswahili hazisomeki kwa sababu zimerundikana, tusiwalaumu waandishi peke yao. Chombo kilikuwa kimekwisha kuwaamulia.

Likaja jambo la pili. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kuomba leseni, na jumla ya ada ikiwa shilingi 2,100,000. Blogu kadhaa zilinyamaza. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, lakini somo kwa mwanahistoria ni hili: blogu ikinyamaza haifi, inakuwa nyaraka. Na nyaraka haiwezi kuendelea kupangwa kama gazeti la leo. Tarehe humsaidia mwandishi aliye hai kalamuni, naye msomaji anayekuja baadaye anahitaji njia nyingine.

Wazee walipangaje?

Tatizo hili halikuzaliwa na kompyuta. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alipoandika juu ya desturi za Waswahili, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha Ujerumani mwaka 1903, mambo hayakufuata siku yaliposikiwa. Yalifuata maisha ya mtu: kuzaliwa, kufundishwa, kuoa, kuugua, kuzikwa. Msomaji yeyote, hata asiyeijua Bagamoyo, anaweza kutembea humo asipotee, kwa sababu ramani yake ni maisha yake mwenyewe.

Mfano wa Muyaka bin Haji ni mzuri zaidi. Mashairi yake yaliokolewa vinywani mwa watu wa Mombasa na Mwalimu Sikujua, akishirikiana na W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens aliyatoa kama diwani. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akayatoa tena pamoja na maelezo, safari hii akiyakusanya kwa mambo yanayozungumzwa: vita na siasa za Mombasa huku, mapenzi na ndoa kule. Mtunzi ni yuleyule, lakini anayemsoma Muyaka ndani ya kundi la siasa anamkuta mshauri wa mji, na anayemsoma ndani ya kundi la mapenzi anamkuta mume anayelalamika. Nathubutu kusema kuwa Abdulaziz alifanya zamani kile ambacho leo tunakiita kupanga upya tovuti.

Hata hivyo kitabu kina mpaka wake: shairi moja hukaa ukurasa mmoja. Mtandao umeuondoa mpaka huo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huyaita makundi yake "jamii", na makala moja huruhusiwa kuwa katika jamii nyingi. Neno hilo wamelichagua vizuri. Mtu naye ni wa ukoo, wa mtaa na wa kazi kwa wakati mmoja, wala hagawanyiki.

Kosa langu

Sasa nirudi Babati. Nilikata vikaratasi, nikaandika kila kichwa cha habari kwenye karatasi yake, nikavitandaza kwenye mkeka uani. Nikavigawa kama tulivyofundishwa darasani: Fasihi Simulizi, Fasihi Andishi, Dhamira za Kijamii, Dhamira za Kiuchumi, Utamaduni, Mengineyo. Nilijiona nimemaliza. Kazi ya siku mbili, safi kama jibu la mtihani!

Kisha nikawajaribu watu watatu, wote wa mtaani kwetu. Mama mmoja muuza ndizi nikamwomba atafute hadithi ya kiboko na ziwa. Akayatazama yale majina, akaniuliza, "Hadithi ziko wapi hapa?" Nikamwonyesha Fasihi Simulizi. Akacheka: "Kumbe hilo ndilo jina lake!" Kijana wa bodaboda nilimwomba atafute habari za bei ya mbaazi, akafungua Mengineyo, halafu akanirudishia simu. Wa tatu, mwanafunzi wa sekondari, ndiye pekee aliyefaulu, na alifaulu kwa sababu ana mtihani.

Hapo nikaelewa kuwa nilikuwa nimewapangia wahadhiri wangu. Dhamira ni neno letu la kazi, kama vile fundi alivyo na majina ya misumari yake. Mwenye nyumba haulizi jina la msumari. Anataka mlango ufunguke. Nikavunja vyote, nikaanza na maneno ambayo wale watu watatu waliyatumia wenyewe walipokuwa wakitafuta. Yakabaki majina saba: Hadithi, Methali, Ziwa na Mlima, Shamba na Mifugo, Shule, Mji Wetu, Maana ya Maneno. Saba yanatosha, maana watu wanasoma kwenye simu, na menyu ndefu kwenye simu humfanya mtu ashuke na kushuka hadi asahau alichokuja kutafuta. Mengineyo nikaifuta kabisa. Ni kaburi la kila kilichomshinda mpangaji.

Mbaazi

Kuna andiko moja lililokataa kukaa. Mwezi Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje. Wilaya yetu inalima mbaazi kwa wingi, na India ndiyo iliyokuwa soko kubwa, basi bei ikaporomoka. Mwalimu aliandika juu ya jambo hilo kwa kuanzia kwenye methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Akauliza, je, mwaka ambao mbaazi imetoa maua, ikazaa, ikavunwa, na bado mkulima akakosa ada ya mtoto, tumsingizie nani?

Andiko hilo ni la Methali au la Shamba? Nikaliweka kote kuwili. Nilipolifikisha kwenye Methali nikakuta limelala jirani na andiko la mwaka 2011 juu ya methali ileile, ambamo Mwalimu anawasema wavivu wanaotafuta visingizio. Yaani miaka sita baadaye mtu huyohuyo ameigeuza methali yake mwenyewe! Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na msomaji aliyeyaona maandiko hayo mawili pamoja, kwa sababu tarehe ziliyatenganisha.

Nikampelekea Mwalimu habari hiyo kwa furaha. Hakufurahi. Alisikiliza majina yote saba, akanyamaza, halafu akasema, "Umenichinja, mwanangu. Umenigawa mafungu kama nyama buchani. Mimi nilikuwa mtu mmoja, nikizeeka."

Sikuwa na jibu siku ile. Usiku nilitambua kuwa ana haki. Mafungu yangu yalikuwa yakionyesha andiko jipya kwanza, kama programu ilivyozoea. Msomaji angemkuta Mwalimu wa 2017 kabla ya yule wa 2011, na mabadiliko ya fikra yangeonekana kinyumenyume, kama mtu anayetembea kwa kisogo. Asubuhi nikageuza: ndani ya kila kundi, la zamani likatangulia. Ukifungua Methali unaanza na mwalimu mkali anayewasema wavivu, unamalizia na mzee anayewatetea wakulima. Kumbe dhamira haiui tarehe. Tarehe inapata maana ndani ya dhamira.

Mengine yalikuwa madogo. Ile sentensi ya safari niliirudisha mahali pake pa 2018, na mlangoni nikaweka ukurasa unaosema Mwalimu ni nani na mgeni aanzie wapi. Orodha ya miaka nimeiacha chini, kwa atakayetaka kumsoma kuanzia 2010 bila kukatishwa. Anwani ya kila andiko sikuigusa. Wapo watu waliokwisha kuziunganisha na kurasa zao, na ukibadilisha anwani wageni watakuta uwanja mtupu.

Hitimisho

Darasani tunafundishwa kuwa fani na maudhui ni kama kikombe na chai, au kama sura mbili za sarafu, na tunabishana juu ya mfano upi ni sahihi. Kazi hii imenifunza kuwa kuna swali kabla ya hilo: nani ameiweka meza, na amekiweka kikombe mkono wa nani kufika? Kiswahili sasa kina maandishi mengi mtandaoni yaliyonyamaza, yamelala chini ya majina ya miezi. Nawaomba wahakiki wenzangu wasiwaachie mafundi wa kompyuta peke yao kazi ya kuyaamsha. Kila jina la kundi ni hukumu ya kihakiki, na msomaji wa kawaida hataona hoja zetu, ataona menyu tu.

Siku ya kurudi chuoni nilipita kumuaga Mwalimu. Mjukuu alikuwa akimsomea kwa sauti, maana macho hayaruhusu tena. Walikuwa kwenye Methali, katikati. Mwalimu akainua mkono nisubiri kidogo. Alitaka kusikia andiko linalofuata.