Siku ya Kuhesabiana Hockenheim

Jumapili ya tarehe 28 Mei 2000, kwenye uwanja wa Hockenheim kusini-magharibi mwa Ujerumani, swali la kwanza halikuwa nani atashinda. Lilikuwa nani amekuja. Ubingwa wa magari ya saluni wa Ujerumani, unaofahamika kote kwa herufi zake tatu, DTM, ulikuwa umekufa mwishoni mwa 1996, na wengi waliuhesabu kuwa historia. Sasa injini zilikuwa zinanguruma tena. Mercedes-Benz walikuja na CLK. Opel walikuja na Astra. Audi wenyewe hawakuwa tayari kuingia rasmi, lakini familia ya Abt kutoka mji wa Kempten, yenye karakana iliyojenga jina lake kwa magari ya Audi, ilileta Audi TT zilizoundwa mbiombio. Watatu. Kwa ubingwa uliotoka kaburini, watatu walitosha.

Bernd Schneider wa Mercedes alishinda siku ile, na mwisho wa mwaka akatwaa ubingwa. Lakini mimi nikiusoma mwaka ule wa 2000 huvutiwa zaidi na hesabu ya asubuhi kuliko matokeo ya jioni. Kila siku ya kufungua msimu katika historia ya DTM ina hesabu yake, na ukizipanga hesabu hizo moja baada ya nyingine unaona uhai wote wa mashindano haya: yalivyonenepa, yalivyokonda, na nani aliyekuwa akiyalisha.

Wasomaji waliokulia kwenye vumbi la Safari Rally wamezoea gari moja moja kupita, dereva akipambana na saa. Mbio za saluni ni kitu kingine. Magari yote huondoka kwa pamoja taa zinapozimika, yakagombea kona ile ile ya kwanza, bampa kwa bampa, mlango kwa mlango. Na magari yenyewe, kwa sura, ni yale ambayo mtu anaweza kuyaona yameegeshwa nje ya benki. Hapo ndipo ulipo mvuto wake. Shabiki wa Ujerumani alikwenda uwanjani kutazama gari la jirani yake likipigana na gari la shemeji yake.

Mwanzo ulikuwa wa kawaida sana, na haukuwa hata Ujerumani. Tarehe 11 Machi 1984 msimu wa kwanza ulifunguliwa Zolder, nchini Ubelgiji, uwanja usio mbali na mpaka wa Ujerumani. Jina wakati huo lilikuwa refu na lisilopendeza: ubingwa wa Ujerumani wa magari ya uzalishaji. Ubingwa mkubwa wa mbio uliokuwapo kabla yake ulikuwa umejaa magari ya turbo yenye gharama kubwa mno, na timu zilikuwa zikipungua. Waandaaji wakaamua kurudi chini, kwenye magari ya kundi A. Kanuni ya kundi hilo ilikuwa rahisi kuielewa: ukitaka kushindana na gari fulani, sharti kiwanda chako kiwe kimetengeneza magari 5,000 ya aina hiyo ndani ya miezi kumi na miwili.

Harald Grohs alishinda Zolder akiwa na BMW 635 CSi, gari kubwa la milango miwili. Ubingwa wa mwaka ule hata hivyo ulikwenda kwa Volker Strycek, naye akiwa na BMW ya aina hiyo hiyo, bila kushinda hata mbio moja. Alikuwa anamaliza, anaokota pointi, anakwenda nyumbani. Mwaka 1985 bingwa akawa Per Stureson wa Sweden, na gari lake lilikuwa Volvo 240 ya turbo, ile ya umbo la sanduku. Mwaka 1986, jina la DTM lilipoanza kutumika, akafuata Kurt Thiim wa Denmark na Rover ya Kiingereza. BMW, Volvo, Rover: katika miaka mitatu ubingwa wa Ujerumani ulikuwa umekwenda mara mbili kwa magari ya nje. Viwanda vya Ujerumani vilianza kuamka.

Kanuni ya magari 5,000 ilizaa kitu ambacho bado kinazunguka barabarani hadi leo. BMW walitengeneza M3 ya kwanza kwa sababu walihitaji gari la kushindania. Wateja waliolinunua dukani walikuwa, kwa namna fulani, wanalipia tiketi ya kuingilia mashindanoni. Mercedes walijibu kwa 190 E, ile Benzi ndogo ambayo hata Dar es Salaam na Nairobi wazee wanaikumbuka vizuri, lakini wao waliivalisha bawa kubwa nyuma na kuitia injini ya lita 2.5. Toleo lake la mwisho, Evolution II la mwaka 1990, lilitengenezwa magari 502 tu, maana kwa toleo la nyongeza kanuni ilidai 500. Audi wakaleta V8 yao, saluni ndefu ya mkurugenzi, inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, na wakatwaa ubingwa mara mbili mfululizo: Hans-Joachim Stuck mwaka 1990 na Frank Biela mwaka 1991. Kuliona gari lile zito likiwapita wadogo kwenye kona ilikuwa ajabu ambayo hakuna kanuni ya leo ingeiruhusu.

Kisha ukaja ugomvi. Katikati ya msimu wa 1992 krankshafti ya injini ya Audi ilionekana kuvuka mpaka wa kanuni, na Audi wakajitoa. Mwisho wa mwaka BMW nao wakaaga. Kwa hiyo msimu wa 1993 ulipofunguliwa Zolder tarehe 4 Aprili, hesabu ilikuwa ya kutia hofu. Kati ya wakubwa wa Ujerumani walibaki Mercedes na 190 E yao iliyokuwa inazeeka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyekuja alikuwa Alfa Romeo kutoka Italia, na gari la 155 lenye injini ya V6 ya lita 2.5, likisukumwa na magurudumu yote manne. Kanuni mpya zilikuwa zimefungua mlango wa teknolojia, na Waitalia walikuwa wamezisoma kwa makini kuliko wenyeji. Nicola Larini alishinda mbio zote mbili za siku ile, na mwisho wa mwaka akaondoka na ubingwa. Kwa maoni yangu hakuna ufunguzi wa msimu uliobadilisha mambo kama ule. Mercedes walirudi na gari jipya kabisa, Opel wakaingia na Calibra, na kwa miaka mitatu watu waliona magari ya saluni yenye mitambo ya kompyuta iliyokaribia ile ya Formula 1.

Lakini mlango uliomwingiza mgeni ndio uliotolea uhai. Kila mtambo mpya ulitaka fedha mpya. Mwaka 1996 mashindano yalipewa sura ya kimataifa, yakapelekwa hadi Interlagos nchini Brazil na Suzuka nchini Japani, mbali na watu walioyapenda. Mwisho wa msimu Opel na Alfa Romeo walijitoa. Mercedes wakabaki peke yao, na mtu mmoja hawezi kushindana. Ndiyo maana 1997, 1998 na 1999 hazina mshindi wala bingwa.

Aliyeongoza juhudi za kuyafufua ni Hans Werner Aufrecht, mmoja wa waasisi wa AMG, karakana ile iliyoanza mwaka 1967 kwa kuongeza nguvu injini za Mercedes. Funzo la 1996 liliandikwa moja kwa moja kwenye kanuni mpya: injini ya V8 ya lita 4, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma tu, mitambo ya kumsaidia dereva marufuku, na vipuri kadhaa vya aina moja kwa wote ili tajiri asimzidi maskini kwa hundi. Abt, ambao mwaka 2000 walihangaika na kigari chao kifupi kisichotulia, waliendelea kukitengeneza polepole. Mwaka 2002 Laurent Aïello wa Ufaransa alikipeleka hadi kwenye ubingwa. Timu ya familia iliwashinda Mercedes na Opel.

Kuanzia mwaka 2000, Hockenheim ikawa nyumba ya ufunguzi. Si uwanja wowote tu. Ulianza mwaka 1932 kama njia ya kukimbizia pikipiki katikati ya msitu wa misonobari kwenye tambarare ya mto Rhine. Barabara kuu ilipokata uwanja miaka ya 1960, upande mmoja ulijengwa upya ukawa na majukwaa makubwa yanayoizunguka njia, na mtazamaji akaweza kuona kona kadhaa bila kunyanyuka. Upande wa msituni ulibaki mnyoofu na wa hatari. Huko ndiko Jim Clark, bingwa mara mbili wa Formula 1, alikopoteza maisha tarehe 7 Aprili 1968 katika mbio za Formula 2. Mwaka 2002 sehemu ya msituni iliondolewa na miti ikapandwa tena juu ya njia ya zamani. Uwanja ukapungua kutoka kilomita 6.8 hadi 4.574.

Mabadiliko yale yaliwafaa sana madereva wa saluni. Sasa kuna upinde mmoja mrefu, Parabolika, unaopitwa kwa mwendo wa juu kabisa, kisha ghafla dereva anakanyaga breki kwa nguvu zake zote kuingia Spitzkehre, kona inayogeuka karibu kurudi ilikotoka. Anayefuata nyuma ana sekunde chache za kuamua: ajaribu ndani au asubiri. Hapo ndipo mbio nyingi za Hockenheim zimeamuliwa.

Tarehe 17 Aprili 2005 macho yote yalikuwa kwa Mika Häkkinen, bingwa mara mbili wa Formula 1, aliyekuwa akianza maisha mapya kwenye saluni. Aliyeshinda ni mkongwe mwingine, Jean Alesi, mwenye umri wa miaka 40. Alesi katika miaka yake yote ya Formula 1 alishinda mbio moja tu, Kanada 1995. Hockenheim ilimpa siku ambayo Ferrari hawakumpa mara nyingi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Aprili 2007, ufunguzi ule ule ulikaribia kummaliza Tom Kristensen wa Denmark, dereva aliyeshinda Saa 24 za Le Mans mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Gari lake liligongwa na mengine katika msongamano, akaumia, akakosa mbio zilizofuata. Mei 2009 alirudi kwenye ufunguzi papo hapo, akashinda. Waandishi wengi huandika habari za Le Mans wanapomtaja Kristensen. Mimi ningeanza na Jumapili hiyo.

Hesabu nayo iliendelea. Opel walijitoa mwisho wa 2005, wakabaki Audi na Mercedes wakitazamana kwa miaka sita. Tarehe 29 Aprili 2012 BMW walirudi baada ya miaka 20, na M3 zao zikapokewa kama mtoto aliyerudi nyumbani. Gary Paffett wa Mercedes aliwashinda siku ile, lakini ubingwa wa mwaka ukaenda kwa Bruno Spengler, akiwa ndani ya BMW. Watatu tena.

Mei 2018 kila aliyekuwa jukwaani alijua kwamba Mercedes wanafungua msimu wao wa mwisho. Paffett alishinda Jumamosi. Jumapili akakutana na Timo Glock wa BMW, na wawili hao wakatoa moja ya mapambano bora yaliyowahi kuonekana kwenye uwanja huo. Mmoja anapita Spitzkehre, mwingine anajibu kona inayofuata. Wanatoka bega kwa bega, rangi ya gari moja ikiachwa kwenye ubavu wa jingine, na hakuna aliyemsukuma mwenzake nje. Glock alishinda. Walipotoka kwenye magari walikumbatiana. Oktoba, hapo hapo Hockenheim, Paffett alitwaa ubingwa, na Mercedes wakafunga mlango.

Aston Martin waliingia mwaka 2019, injini za V8 zikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na turbo za lita 2 zenye nguvu zaidi. Timu ya Aston Martin ilikaa msimu mmoja tu. Aprili 2020 Audi wakatangaza kuondoka, na kwa sababu ya korona msimu ule ukafunguliwa Agosti, Spa nchini Ubelgiji. Mwaka 2021 DTM iliyaacha magari yake maalumu na kuchukua yale ya GT3, ambayo viwanda huyaunda na timu huyanunua. Msimu ukafunguliwa Monza, Italia, na kijana wa New Zealand aitwaye Liam Lawson akashinda mbio za kwanza na Ferrari.

Chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, kilipolichukua jina la DTM mwisho wa 2022, ufunguzi ulirudishwa Ujerumani, lakini ukapelekwa Oschersleben. Hockenheim ikapewa fainali ya Oktoba. Ungefika Oschersleben Mei 2023 na kuhesabu, ungepata Audi, BMW, Mercedes, Porsche, Ferrari na Lamborghini. Sita! Zolder ya 1993 wala Hockenheim ya 2000 hazikuota idadi hiyo. Tofauti ni kwamba wakubwa hao hawaji tena kwa bajeti zao nzima na heshima yao mkononi. Wanauza gari, wanatuma mafundi, na timu ndiyo inayobeba mzigo. Wako wanaosema huo si DTM. Mimi nasema familia ya Abt, ilipoingia Hockenheim mwaka 2000 na TT zake, ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo, tena bila kiwanda kuingia rasmi. Na bingwa wa 2023, Thomas Preining wa Austria, aliyeupatia Porsche ubingwa wake wa kwanza wa DTM, alilazimika kuumalizia Hockenheim.