Maduka ya Wahindi Kando ya Ziwa

Mzee wa Butiama akisema ameuza gunia la mahindi dukani kwa laki moja, ametamka maneno matatu yaliyotujia kupitia wafanyabiashara wa Kihindi: gunia, duka na laki. Biashara yao imekaa midomoni mwetu siku nyingi, lakini historia yake katika mkoa wa Mara bado haijaandikwa vya kutosha.

Njia ilifunguliwa na reli. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na kutoka hapo meli za mvuke zikaanza kuzunguka Ziwa Viktoria. Alidina Visram, Muismaili wa kutoka Kachi, India, aliyefariki 1916, alikuwa ametandaza maduka tangu pwani hadi Uganda. Vijana waliokuja kufanya kazi kwa matajiri wa aina yake walijifunza Kiswahili wakiwa nyuma ya kaunta, kisha wakafungua maduka yao wenyewe katika bandari ndogo kama Musoma. Hata fedha ya Wajerumani hapa kwetu iliitwa rupia.

Duka la zama zile lilianzia barazani. Hapo aliketi fundi cherehani, mara nyingi Mwafrika. Mteja alichagua kitambaa ndani, akapimwa nje, akasubiri nguo yake huku akipiga soga. Ndani kulikuwa na kaniki, marekani, chumvi, kiberiti, majembe na mafuta ya taa. Harufu ya bizari ilichanganyika na ya ngozi mbichi, kwa kuwa tajiri huyohuyo alinunua ngozi na samli kutoka vijijini. Nyuma ya duka, katika nyumba hiyohiyo, familia ilipika na kulala. Migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari ilipoajiri watu, mishahara yao nayo ilipitia maduka kama haya.

Manung'uniko yalizaliwa kwenye mizani. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wa Bunda wakiwamo, waliamini kwamba wanapunjwa na wanunuzi, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria chini ya Paul Bomani. Wakulima walikuwa na haki ya kudai. Lakini kumhukumu kila muuza chumvi kwa kosa la mizani ya pamba ni uonevu.

Mtoto wa Butiama aliliona hilo mapema. Julius Nyerere, aliyesoma shule ya Mwisenge mjini Musoma tangu 1934, alizaliwa mwaka mmoja na Amir Jamal wa Mwanza, mwana wa jamii ya Kihindi ambaye baadaye alikuwa waziri wake wa fedha. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alisema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali.

Serikali hiyohiyo ndiyo iliyobana maduka. Neno bepari, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, liligeuka tusi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na yaliyozidi miaka kumi hayakulipiwa fidia. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi, rafu zikabaki tupu. Familia nyingi za Kihindi nchini zikahamia Uingereza na Kanada. Nyingine zilibaki, na zipo mpaka leo.

Ukipita Barabara ya Mukendo mjini Musoma, nyanyua macho juu ya mabango mapya uangalie kuta za zamani. Waliokaa kwenye baraza zile, mafundi, wapagazi na wenye maduka, wanazidi kupungua. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, muulize majina mwaka huu, na uyaandike nyuma ya picha.