Daftari la Milki za Mwambao

Kabla Waingereza hawajaushika mwambao wa Kenya mwaka 1895, aliyetaka kujua shamba ni la nani aliwauliza wazee, ama akaomba kuonyeshwa hati iliyoandikwa kwa Kiarabu mbele ya kadhi, ambamo mipaka ilitajwa kwa majina ya majirani wa pande nne: kibla, suheli, matlai na magharibi. Ushahidi huo ulitosha, maadamu watu walikuwa wakijuana. Ndipo ilipokuja sheria ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai milki apeleke dai lake kwa msajili wa hati. Aliyethibitisha alipewa cheti, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo wala si kwa mtu mmoja, hawakupata cheti, na hiyo kwa hakika ilikuwa dhulma, kwani kutokuwamo daftarini si ithibati ya kutokuwa na haki. Huko Mombasa, tena, nyumba yaweza kuwa ya huyu na ardhi ya yule, mwenye nyumba akilipa ijara ya kiwanja. Basi, ewe mnunuzi, usitoe fedha zako kabla hujapekua daftari katika masjala ya ardhi na kuwauliza majirani.