Acha Iniue: Kijana na Mizani ya Hatari

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hudhani kwamba anayeiona hatari huikimbia. Historia ya UKIMWI nchini Tanzania inatutaka tuitafakari upya.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyopitishwa mpakani kutoka Uganda. Jina hilo lilibeba tafsiri: maradhi ni ya wachuuzi wenye fedha, na asiyevuka mpaka yu salama. Kufikia 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa.

Ujumbe wa kampeni ukawa wa kutisha: UKIMWI unaua. Vijana wa mijini wakajibu kwa mzaha. Herufi za neno la Kiingereza AIDS wakazigeuza kuwa "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Wazee wengi waliona huo ni utovu wa adabu. Mimi nausoma vingine. Asemaye "acha iniue" anakiri kwamba inaua. Elimu alikuwa nayo. Alichokosa ni pa kutokea. Dawa haikuwapo, kupima kulikuwa sawa na kusomewa hukumu, na virusi huchukua miaka kumwangusha mtu, ilhali ukosefu wa ajira ulikuwa mlangoni siku hiyohiyo. Wasiwasi usio na njia ukajificha ndani ya kicheko.

Mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure katika hospitali za umma. Hapo kupima kukapata maana, kwa kuwa aliyekutwa na virusi aliweza kurudi nyumbani na dawa mkononi.

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, Juliana alirudi kwa sura nyingine. Ilisemwa kuwa ni ugonjwa wa wazee, na kijana akapima hatari kwa nguvu za kifua chake, akamsahau bibi anayekula naye sahani moja.

Basi, kabla ya kuwalaumu vijana kwa uzembe, wapangaji wa kampeni zijazo wajiulize maswali mawili: kijana anadhani hatari hii ni ya nani? Na akishaiogopa, tumemwandalia njia gani ya kushika?