Safari zilizolipiwa bila kusafiriwa: Riyadh, Jeddah na fedha za umma

Miongoni mwa makosa yanayotajwa katika taarifa za mamlaka ya kupambana na rushwa nchini Saudi Arabia, lipo moja lisilovuma sana: afisa wa umma kujilipa, au kuwalipa walio chini yake, posho ya safari ambayo hakuna aliyeisafiri.

Ukilitazama faili la safari ya namna hiyo, utakuta kila karatasi ipo mahali pake. Barua ya kumtuma mtumishi ipo, saini ya mkuu wa idara ipo, na muhuri, na hesabu ya siku, na kiasi cha fedha. Aliyekosekana ni msafiri.

Kosa hili huonekana dogo likilinganishwa na kashfa za mikataba na silaha. Lakini ndilo linalomgusa karani wa kawaida, kwa kuwa mara nyingi saini inayotumika ni yake.

Intidab

Katika Kiarabu cha maofisini, kutumwa kikazi nje ya kituo huitwa intidab, na fedha inayoambatana nako huitwa badal intidab. Msomaji wa Tanzania ataifahamu kwa jina la posho ya kujikimu. Mkenya atasema marupurupu ya safari. Kiwango chake hutegemea daraja la mtumishi na idadi ya siku alizotumwa, nayo hulipwa juu ya mshahara.

Kwa asili yake ni fedha ya haki. Mtu aliyelala ugenini kwa kazi ya serikali hapaswi kula kwa mfuko wake. Tatizo huanza pale siku za safari zinapogeuka kuwa bidhaa, na mkuu wa idara akawa ndiye mgawaji.

Njia ya Riyadh na Jeddah inafaa sana kwa biashara hiyo. Miji hiyo imetengana kwa takriban kilomita 950 za barabara, ila kwa ndege ni safari isiyofika saa mbili. Riyadh ndio mji mkuu, lakini Jeddah haijawahi kuwa mji wa pembeni: hadi katikati ya miaka ya 1980 wizara ya mambo ya nje na balozi za kigeni zilikuwa huko, na kwa miongo mingi mfalme na baraza lake la mawaziri wamekuwa wakihamia Jeddah wakati wa kiangazi. Kila mwaka msimu wa Hija nao huwavuta watumishi wa idara nyingi kuelekea Makka na Mina.

Basi sababu ya kusafiri haikosekani mwaka mzima. Penye safari nyingi za kweli, safari ya uongo hupata pa kujificha.

Namna inavyofanyika

Ipo safari isiyokuwepo kabisa. Ipo iliyochukua siku mbili ikaandikwa siku saba. Ipo ambayo mwenyeji amegharimia hoteli na chakula, na mgeni bado akadai posho kamili kana kwamba alilipa mwenyewe. Lipo pia jina la jamaa au rafiki lililopachikwa katika orodha ya ujumbe.

Namna iliyo mbaya kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ile ya mgawo. Mkuu humwandikia mtumishi wa chini barua ya safari. Fedha huingia katika akaunti ya mtumishi huyo, naye huzitoa na kuzirudisha kwa mkuu, akibakiziwa kidogo cha kumnyamazisha. Hati zote zina jina la mdogo. Akikataa, hatapangiwa tena safari hata iliyo ya kweli, na tathmini yake ya mwisho wa mwaka iko mikononi mwa mtu yuleyule. Akikubali, siku mkaguzi atakapofika, mwenye kujibu ni yeye.

Sisi tuliohariri habari za hesabu za halmashauri kabla ya kuondoka nyumbani tunaijua sura hiyo vizuri. Safari hewa haikuwahi kukosa viambatisho. Iliyokuwa na karatasi pungufu, mara nyingi, ilikuwa ni ile ya mtu aliyesafiri kweli na kupoteza stakabadhi njiani.

Nazaha

Chombo kinachoshughulikia makosa haya nchini Saudi Arabia hujulikana kwa jina la Nazaha, yaani uadilifu. Kiliundwa kwa amri ya Mfalme Abdullah mwezi Machi 2011, wakati nchi nyingi za Kiarabu zilipokuwa zimetikiswa na maandamano. Miaka yake ya mwanzo kilikuwa na sauti kuliko meno.

Hali ilibadilika mwezi Desemba 2019, pale bodi ya udhibiti na uchunguzi pamoja na idara ya upelelezi wa kiutawala zilipounganishwa nacho, kikawa Mamlaka ya Usimamizi na Kupambana na Rushwa. Tangu hapo kinaweza kupeleleza, kukamata na kufikisha watu mahakamani.

Mwezi Machi 2020 kilitangaza kwamba watu 298 wangeshtakiwa kwa rushwa, ubadhirifu na matumizi mabaya ya madaraka, katika mambo yaliyohusu riyali milioni 379. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza wasiwasi wake kuhusu utaratibu wa sheria katika ukamataji huo.

Taarifa hizo zimeendelea kutolewa. Hutaja idadi ya ziara za ukaguzi, idadi ya waliohojiwa na wizara wanazotoka. Ndani yake msomaji hukutana na mtumishi wa manispaa, mhasibu wa chuo kikuu au afisa wa afya aliyeidhinisha posho za safari na za saa za ziada zisizostahili.

Hata hivyo, kwa kawaida msomaji huyo hapewi jina. Huambiwa cheo na mahali, basi. Wapo waliotajwa, kama Amr al-Madani, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Tume ya Kifalme ya AlUla, ambaye kukamatwa kwake kulitangazwa mwezi Januari 2024. Lakini huyo alikuwa mtu mkubwa na tuhuma zake zilihusu mikataba. Mtumishi wa Jeddah anayedaiwa kubuni safari za Riyadh hubaki kuwa cheo tu.

Utaratibu huo una hoja yake: mtu asiaibishwe kabla ya hukumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mkazi wa mtaa hawezi kujua kama aliyekamatwa ni yule mkuu anayemfahamu au ni karani wake, wala fedha ilirudi au haikurudi. Magazeti huchapisha taarifa kama ilivyotolewa. Swali la pili halina wa kuliuliza.

Waziri wa posho

Posho zilipata kuwa habari kubwa nchini humo kwa njia nyingine. Tarehe 26 Septemba 2016, bei ya mafuta ikiwa imeporomoka, serikali ilipunguza mishahara ya mawaziri kwa asilimia 20 na kusimamisha posho na marupurupu mengi ya watumishi wa umma.

Wiki chache baadaye waziri wa utumishi wa umma wa wakati huo, Khaled al-Araj, alisema katika televisheni kwamba mtumishi wa serikali hafanyi kazi ya kweli zaidi ya saa moja kwa siku. Maneno hayo yaliwachoma watu waliokuwa wametoka kupoteza sehemu ya kipato chao.

Tarehe 22 Aprili 2017 Mfalme Salman alizirudisha posho hizo. Usiku huohuo Bw. al-Araj aliondolewa katika wadhifa wake na kutakiwa kuchunguzwa kwa madai ya kutumia vibaya madaraka.

Novemba mwaka huo wana wa mfalme, mawaziri na wafanyabiashara walizuiliwa katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Riyadh. Mwanasheria mkuu alitangaza mwezi Januari 2018 kwamba suluhu zilizofikiwa zilikuwa na thamani ya zaidi ya riyali bilioni 400. Hapo pia hesabu ya kila mmoja haikuwekwa wazi.

Mji uliolipia mifereji

Kwa nini mkazi wa Jeddah ajali karatasi za uongo? Jibu lilikuja kwa mvua. Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakiwa wameanza ibada zao, mafuriko yaliukumba mji huo na zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao katika mitaa ya mashariki na kusini iliyojengwa katika njia za maji.

Kwa miaka mingi fedha zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya mifereji na maji taka, ilhali malori yalikuwa yakimwaga maji machafu katika ziwa lililoko mashariki ya mji, ambalo wenyeji kwa kejeli waliliita ziwa la miski. Mfalme Abdullah aliunda tume chini ya gavana wa Makka, mwanamfalme Khaled al-Faisal, na maafisa kadhaa walifikishwa mahakamani. Januari 2011 mji ulifurika tena.

Mfereji uliokamilika katika faili tu na safari iliyosafiriwa katika faili tu vinatoka katika ofisi za aina moja, ambamo anayetia saini ndiye anayejikagua.

Wageni wa Hija

Jeddah ni lango la mahujaji, na si watumishi wa Saudia peke yao waliojipatia safari kwa fedha za umma kuelekea huko.

Nchini Indonesia aliyekuwa waziri wa dini, Suryadharma Ali, alihukumiwa na mahakama ya rushwa ya Jakarta mwezi Januari 2016 kifungo cha miaka 6, ambacho mahakama ya rufaa ilikiongeza kuwa miaka 10. Miongoni mwa makosa yake ni kuwaingiza jamaa na washirika wake katika orodha ya watumishi wa Hija, wakasafiri kwa gharama za serikali, na kutumia kwa mambo binafsi fedha za uendeshaji wa ofisi ya waziri. Hasara iliyotajwa mahakamani ilikuwa zaidi ya rupia bilioni 27 na riyali milioni 17.

India ilikuwa na desturi ya kutuma kila mwaka ujumbe rasmi wa heri wa watu wapatao 30. Mwezi Mei 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru ujumbe huo upunguzwe hadi watu wawili. Hawakuwa wameiba, walikuwa wamealikwa na serikali yao. Majaji walihoji tu kwa nini mlipa kodi awagharimie.

Upande wa kwetu

Afrika Mashariki haina upungufu wa mifano, na hesabu zake zina faida moja: zinasomeka.

Tarehe 20 Novemba 2015, akilihutubia Bunge mjini Dodoma kwa mara ya kwanza kama Rais, John Magufuli alieleza kwamba safari za nje za watumishi wa umma katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 zilikuwa zimegharimu shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege zilichukua bilioni 183.1, posho za safari bilioni 104.5, na mafunzo nje ya nchi bilioni 68.6. Fedha hizo, alisema, zingetosha kujenga kilomita 400 za barabara ya lami. Mwezi uliofuata watumishi wanne wa Takukuru, chombo chenyewe cha kupambana na rushwa, walisimamishwa kazi kwa kusafiri nje bila kibali.

Izingatiwe kwamba kiasi hicho kilikuwa gharama ya safari kwa jumla, na nyingi zilikuwa na idhini kamili. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la maendeleo la Norway, Norad, na kutolewa mwaka 2012 kuhusu Ethiopia, Malawi na Tanzania, ulionyesha jinsi posho inavyoweza kuamua ni semina gani ifanyike, wapi na kwa siku ngapi.

Nchini Kenya, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alisimamisha mwezi Julai 2024 safari zote zisizo za lazima za maafisa wa serikali. Ripoti za msimamizi wa bajeti ya nchi hiyo huonyesha kaunti kwa kaunti kiasi kilichotumika kwa safari, na mabaraza ya wawakilishi wa wadi hayakosekani humo.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi anaweza kufungua ripoti ya mkaguzi na kukuta masurufu yasiyorejeshwa, kwa kiasi na kwa jina la halmashauri au kaunti. Anachokikosa ni kuona mtu akidaiwa. Msomaji wa Riyadh huambiwa kwamba watu wamekamatwa, na ukurasa wa hesabu haufunguliwi kwake. Kama ingebidi kuchagua, mwandishi huyu angeuchagua ukurasa, kwa sababu mwenye ukurasa anaweza kudai na hilo la pili. Lakini anakiri kwamba wengi nyumbani wamechoka kusoma.

Nambari 980

Saudi Arabia huwataka wakazi wake waripoti rushwa kwa simu nambari 980, na mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ulinzi huo unajumuisha kuficha utambulisho wa mtoa taarifa na kumhamisha kituo cha kazi.

Kwa karani aliyetia saini safari ya mkuu wake, ulinzi huo unategemea ukubwa wa ofisi. Katika idara ya watu mia anaweza kupotea. Katika chumba chenye meza nne, wakaguzi wanapoingia na kuliomba faili la safari za Jeddah, watatu waliobaki wanajua nani amepiga simu.