Shule binafsi Uingereza: nani hushika mfuko?

Shule binafsi nchini Uingereza hutoza karo kubwa, lakini si zote zinazoendeshwa kwa faida. Takriban nusu yake zimesajiliwa kuwa taasisi za hisani. Hazina wenye hisa, na ziada inayobaki baada ya matumizi sharti irudi kwenye elimu.

Asili ya utaratibu huu ni ya kale. Chuo cha Eton kilianzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 ili kuwasomesha bure vijana 70 maskini. Leo kinajulikana zaidi kwa watoto wa matajiri, lakini hadhi ya hisani ingalipo.

Wadhamini na fedha

Mwalimu mkuu huendesha shule, lakini mwenye kauli ya mwisho ni bodi ya wadhamini. Wajumbe wake kwa kawaida hawalipwi. Wao ndio wanaomteua mwalimu mkuu, kuidhinisha bajeti na kupanga karo. Nchini England na Wales, hesabu hupelekwa katika tume inayosimamia taasisi za hisani, na yeyote anaweza kuzisoma. Shule ikifungwa, wadhamini hawawezi kugawana mali yake.

Karo ndiyo nguzo ya mapato, na mishahara ndiyo mzigo mkubwa wa matumizi. Shule chache tu zina utajiri wa kurithi. Kwa zilizobaki, wanafunzi wakipungua kidogo bajeti huyumba.

Kutokuwa na faida hakuziweki shule hizo juu ya sheria. Mwaka 2006, shule 50 zilibainika kuwa zilikuwa zikipashana habari za karo zilizokusudia kutoza. Kila moja ilitozwa faini isiyozidi pauni 10,000, na kwa pamoja zikachangia pauni milioni 3 katika mfuko wa kuwanufaisha wanafunzi wa wakati huo.

Manufaa ya umma

Sheria ya mwaka 2006 iliondoa dhana kwamba elimu ni hisani moja kwa moja. Tangu hapo shule hutakiwa kuonyesha manufaa yake kwa umma, wakiwemo wasio na uwezo. Mwaka 2011 mahakama maalumu iliamua kwamba msaada huo usiwe wa jina tu, ila kiasi chake kiamuliwe na wadhamini wenyewe. Nyingi hupunguza karo kwa baadhi ya wanafunzi au hushirikiana na shule za serikali.

Nafuu za kodi zimepungua. Tarehe 1 Januari 2025 karo ilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Mwezi Aprili mwaka huo, shule za hisani nchini England zilipoteza nafuu ya kodi ya majengo, kama zilivyoipoteza za Scotland mwaka 2022. Mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu mjini London ilikataa pingamizi dhidi ya kodi ya karo.

Kwa mzazi, awe London au Mombasa, neno hisani si dhamana kwamba shule itadumu. Hesabu zake za mwaka, zikionyesha akiba, madeni na idadi ya wanafunzi, humweleza mengi kuliko majengo yake.